Uliza Tukujibu: Gazeti la teknolojia la mtandaoni linaweza kuzaliwa Dodoma?

Mbukwenyi wadau. Toleo lililopita niligusia kwa mistari mitatu tu habari za TechCrunch, ule mtandao wa Marekani unaoandika habari za teknolojia na kampuni changa, zile startapu, nikasema ulianzia nyumbani kwa mtu. Hiyo mistari mitatu imeniletea meseji nyingi kuliko kitu chochote nilichoandika mwaka huu, kwahiyo leo safu nzima ni ya hilo. Nimechukua tano, majina sikuyaweka.

Shikamoo kaka. Niko mwaka wa tatu CIVE, koleji ya kompyuta hapa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Nataka kuanzisha mtandao wa habari za teknolojia na startapu kwa Kiswahili. Wenzangu wananicheka wanasema habari ziko Dar, huku ni Bunge na zabibu tu. Hivi huyo jamaa wa TechCrunch alianzaje, na kweli mtu anaweza kufanya kitu kama hicho akiwa huku chuoni Ng'ong'ona?

Marahaba mdogo wangu. Ngoja nikuelezee taratibu maana hii habari watu huwa wanaisimulia mwisho tu, ile sehemu ya kuuzwa kwa mamilioni, na mwanzo wake ndo wenye faida kwako.

Jamaa anaitwa Michael Arrington. Alikuwa mwanasheria, si mwandishi wa habari, na alianza Juni 2005 akiwa nyumbani kwake Atherton, mji mdogo huko California. Sasa jiulize kwa nini 2005 na si miaka mitano kabla. Mwaka 2000 kampuni za intaneti Marekani zilianguka vibaya sana, na zilipoanguka zikaondoka na magazeti yaliyokuwa yanaziandika, The Industry Standard likafa 2001, Red Herring likaacha kuchapishwa 2003. Waandishi wakahamia kwingine, wahariri wakawa hawataki tena kusikia neno startapu. Lakini watengenezaji hawakuacha kutengeneza, tena gharama zilikuwa zimeshuka, programu za bure zipo, seva za bei rahisi zipo, vijana wawili watatu wanaweza kukaa chumbani wakatoa kitu. Facebook ni ya 2004, YouTube ni ya mwanzoni mwa 2005. Yaani shamba limeota upya na hakuna mtu anayepita kuliangalia, Arrington yeye akapita. Akawa anachukua kakampuni ambako hakuna mtu anakajua, anakatumia kitu chao yeye mwenyewe, anaandika kinafanya nini, nani kakitengeneza, pesa katoa nani, washindani wao ni akina nani, na yeye anakionaje. Kwakweli hakukuwa na siri nyingine zaidi ya hiyo, na kasi, maana alikuwa anaandika usiku na mchana.

Alafu akafanya kitu kingine ambacho mimi nakiona kikubwa kuliko hata kuandika, aliwaita watu nyumbani kwake. Wasomaji wakaja, watengenezaji wakaja na laptopu zao wakaonyesha walichonacho palepale uani, na kila alipoita tena walizidi kuongezeka. Kwahiyo habari zikawa zinamfuata mlangoni.

Mwaka 2006 mimi nilikuwa nashika kaunta ya intaneti kafe moja karibu na Jamatini, kompyuta nane, intaneti ya dishi la satelaiti, ukifungua ukurasa wenye picha unaenda kununua maji unarudi bado inashuka mstari kwa mstari. TechCrunch nilikuwa naisoma kwa sababu ilikuwa maneno mengi picha chache, inafunguka. Oktoba ile nikasoma pale tetesi kwamba Google wanainunua YouTube, nikamwambia mteja mmoja aliyekuwa anaandika barua ya maombi ya kazi, akaniangalia tu akaendelea na barua yake. Siku chache baadaye ikatangazwa rasmi, dola bilioni 1.65. Niliduwaa. Mtu wa nyumbani kwake kayatangulia magazeti makubwa, na mimi nimeisoma Dodoma mapema sawa na mtu wa New York. Hiyo siku ndo nilianza kutamani kuandika.

Mtandao ukakua, 2007 akaajiri mkurugenzi mtendaji, Heather Harde, maana kuandika na kuendesha biashara ni kazi mbili, na mwaka huohuo wakaanza mkutano wao San Francisco, nitaueleza kwa msomaji mwingine hapo chini. Septemba 2010 kampuni ya intaneti ya AOL wakainunua, wakasaini mbele ya watu jukwaani, na kiasi kilichoripotiwa sana ni dola milioni 25 hivi. Baada ya hapo imekuwa ikihama mikono tu, Verizon waliponunua AOL 2015, Apollo 2021, na 2025 ikaenda kwa Regent. Sehemu hiyo haikuhusu sana kwa sasa.

Tuje kwako. Hao wenzako wanaosema habari ziko Dar, waulize habari kubwa ya teknolojia nchi hii mwaka 2021 ilikuwa ipi. Ilikuwa tozo ya miamala ya simu. Ilipitishwa wapi? Hapahapa, kwenye Bunge la bajeti, ikaanza kukatwa Julai 15 na mpaka wauza nyanya wa Majengo walikuwa wanaijadili, Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30. Sheria ya Makosa ya Mtandao 2015, hapahapa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, hapahapa. Mamlaka ya Serikali Mtandao, wale eGA wanaosimamia mifumo karibu yote ambayo mwananchi anakutana nayo, makao makuu yako Dodoma. Kontro namba unayolipia ada, mtu gani ameshawahi kukueleza kwa Kiswahili cha kueleweka inatoka wapi, inapita wapi, na kwa nini siku nyingine inagoma? Wewe uko daladala moja tu kutoka kwa watu wanaojua jibu. Wa Dar anapanda treni kuja kuulizia.

Na mahindi je. Mwaka juzi nilienda Kibaigwa, wilayani Kongwa, na vijana wawili waliokuwa wametengeneza mfumo wa bei za mahindi kwa SMS, kitu kizuri, wamehangaika nacho miezi. Tukafika sokoni asubuhi, wakamfuata dalali mmoja mzee, wakamwonyesha kwenye simu, sehemu ya kwanza imeandikwa "Bei ya gunia". Mzee akavaa miwani akasoma, akauliza, gunia lipi? Wakanyamaza. Akafungua kaunta buku lake, kurasa zimechorwa mistari kwa kalamu ya bluu, mstari mmoja gunia la mzani, mwingine gunia la debe sita, mwingine lumbesa lile la kujazwa kupita kiasi, kila mmoja na bei yake, siku kwa siku. Akasema ukimwandikia mkulima wa ndani huko bei ya gunia bila kumwambia gunia lipi umemwonea, atakuja na lumbesa lake atalipwa kama gunia la kawaida. Yule kijana aliyeandika programu alikaa juu ya magunia palepale, akatoa laptopu, akafuta neno gunia kila lilipo akaandika kilo. Ilimchukua mpaka saa nane na chaji ikaisha.

Hiyo ni habari ya teknolojia. Ina mtengenezaji, ina mtumiaji, ina kosa, ina marekebisho, na mtu wa Kongwa akiisoma anajiona. Mimi sikuiandika popote mpaka leo na inaniuma, maana wale vijana walikuja kuacha kwa kukosa mtu wa kuwashika mkono, na hakuna mahali popote ambapo ukitafuta utaona kwamba walikuwepo.

Kwahiyo usianze na habari za simu mpya ya Samsung au ya Apple. Hizo zimeshaandikwa na watu wenye simu yenyewe mkononi, wewe utakuwa unatafsiri tu, na kwa Kiswahili tayari wapo TeknoKona wanaofanya hiyo kazi ya kuelezea vifaa na mitandao. Anza na chumba cha pili hapo hosteli kwenu, kuna mtu ana mradi wa mwaka wa nne unaokufa kila mwaka baada ya kuwasilishwa mbele ya msimamizi. Andika huo. Nenda Nanenane pale Nzuguni, pita kwenye mabanda yale ya pembeni ambayo kamera hazifiki. Andika moja kwa wiki, ila uwe umekwenda, umekishika, umekitumia, umemuuliza mtu aliyekitumia pia siyo aliyekitengeneza tu. Na kabla hujalala na wazo kwamba mji ni mdogo, kumbuka Mashable, mtandao mwingine mkubwa wa 2005 hiyohiyo, aliyeuanzisha Pete Cashmore alikuwa na miaka 19, yuko nyumbani kwa wazazi wake kwenye kamji kaitwako Banchory huko Uskoti, mbali kabisa na California.

Mambo kaka, niko Makole. Swali langu fupi, nikifungua mtandao wa habari lazima nikate leseni au naanza tu?

Poa. Usianze tu. Tangu kanuni za maudhui mtandaoni za 2018 habari za mtandaoni ziko chini ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, wakati ule ada ya maombi ilikuwa laki moja na leseni milioni moja, watu wengi wakazima blogu zao. Kanuni zikaandikwa upya 2020 na zikarekebishwa tena baada ya hapo, ada na aina za leseni zimebadilika, kwahiyo usifuate ulichosikia kwenye grupu la WhatsApp, TCRA wana ofisi ya Kanda ya Kati hapahapa mjini, nenda na kitambulisho chako na maelezo ya unachotaka kuandika wakwambie unaangukia wapi. Na kama utajiita mwandishi wa habari kuna Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 na suala la ithibati, yaani kutambuliwa rasmi kama mwandishi, ulizia pia hilo mapema. Najua inachosha na mimi naona hizi gharama zimewazuia vijana wengi wenye nia njema, nimelisema hilo mara nyingi na nitaendelea kulisema, ila kufungiwa baada ya kuhangaika mwaka mzima kunauma zaidi.

Mwandishi habari za kazi. Mimi ni mama wa hapa Mpwapwa. Mwanangu kamaliza diploma ya IT, yuko ndani na kompyuta kutwa, anasema anaandika habari za teknolojia mtandaoni na kuna watu Ulaya wamekuwa matajiri kwa kazi hiyo. Mwaka wa pili sasa, bando nanunua mimi. Nimkatishe au nimwache?

Shikamoo mama. Pole, na hongera kwa kumvumilia, bando la miaka miwili si pesa ndogo.

Ukweli ni kwamba matajiri wapo wachache na wengi waliokuwa na wasomaji wengi sana hawakufika. Kulikuwa na mtandao unaitwa Gigaom wa Om Malik, uliheshimika mno kwa habari za teknolojia, Machi 2015 ukafungwa ghafla kwa sababu ulishindwa kulipa wanaoudai. Ile Mashable niliyomtajia kijana wa CIVE hapo juu, 2016 ilikuwa inahesabiwa kuwa na thamani ya dola milioni 250, mwaka uliofuata ikauzwa kwa chini ya milioni 50. Wasomaji walikuwa mamilioni. Nakwambia hivi ili ujue kwamba mwanao kuwa hana kipato siyo lazima iwe uvivu wake, hii biashara yenyewe ni ngumu hata kwa wakubwa.

Inavyokuwa ni hivi. Matangazo yale yanayojiweka yenyewe kwenye ukurasa, Google wanakubali Kiswahili, yanalipa kidogo sana kwa kila msomaji, kwahiyo mpaka uone pesa ya maana lazima wawe wengi mno. Ndo maana TechCrunch hawakutegemea hayo tu, walifanya mikutano watu wakanunua tiketi, kampuni kubwa zikadhamini, na 2007 wakaanza daftari la kumbukumbu za kampuni na wawekezaji, Crunchbase, ambalo baadaye 2015 likajitenga likawa kampuni yake lenyewe. Yaani kuandika ndo kuliwaleta watu, pesa ikaingilia mlango mwingine.

Sasa fanya hivi mama. Jioni moja mwambie akusomee kwa sauti habari moja aliyoiandika wiki hii. Sikiliza tu kama unavyosikiliza redio. Kama umeelewa, na kama imehusu mtu au kitu kilichopo, cha Mpwapwa, cha Dodoma, cha nchi hii, ambacho usingekijua bila yeye, basi ana kitu, usimkatishe. Kama anakusomea simu ambayo hajawahi kuishika, iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza, mwambie kwa upole kwamba hiyo kazi ameshatanguliwa.

Na vyovyote itakavyokuwa, bando ajinunulie. Mtu mwenye diploma ya IT Mpwapwa hakosi cha kufanya, kuna saccos hazina hata ukurasa mmoja mtandaoni, kuna maduka ya dawa yanataka mtu wa kuwawekea mfumo wa mauzo, kuna shule zinahangaika na printa. Afanye hizo siku tatu, aandike siku mbili. Tena humo kwenye kuhangaika na printa za watu ndo atakutana na habari.

Kaka kwema? Mimi na mwenzangu tumetengeneza aplikesheni ya wakulima wa zabibu, tuko Ipagala. Tumemtafuta jamaa mwenye mtandao wa habari atuandike, akasema sawa ila laki na nusu, na kwamba atatuandika vizuri. Hiyo ndo kawaida? Tulipe?

Msilipe.

Mkitaka tangazo, lipeni tangazo, liandikwe juu kabisa kwamba ni tangazo, hapo hakuna ubaya, mtandao unahitaji kula. Ila kulipa ili uandikwe "vizuri" alafu msomaji aambiwe ni habari, hiyo ni bahasha, yaani rushwa, iwe imekuja kwa mkono au kwa M-Pesa. Na haiwasaidii ninyi wenyewe, kwa sababu wakulima wa Hombolo wakiambiwa aplikesheni yenu haina kasoro na ikawagomea siku ya kwanza ya mavuno hawatamfuata mwandishi, watawafuata ninyi.

Niliahidi kuueleza ule mkutano. Kabla ya 2007 Marekani kulikuwa na mkutano maarufu wa kuonyesha vitu vipya uitwao DEMO, ukitaka kupanda jukwaani unalipia maelfu ya dola. Arrington na mwenzake Jason Calacanis wakasema hii si sawa, kijana mwenye kitu kizuri asiye na pesa hataonekana kamwe. Wakaanzisha TechCrunch40, wakachagua kampuni 40 kwa ubora, bila kuzitoza. Mshindi alipewa dola 50,000, ikawa kampuni inaitwa Mint, ya kumsaidia mtu kufuatilia matumizi yake ya pesa, na miaka miwili baadaye kampuni ya programu za hesabu, Intuit, wakainunua kwa dola milioni 170. Jina la TechCrunch likapanda kwa sababu watu waliamini kwamba aliyepo jukwaani hapo hakununua nafasi.

Na huyohuyo Arrington ndo alikuja kuteleza hapohapo. Septemba 2011 akaanzisha mfuko wa kuwekeza kwenye startapu, CrunchFund, huku bado ana mkono kwenye mtandao unaoziandika startapu hizohizo, na AOL wenyewe wakaweka pesa humo. Kelele zikawa kubwa, unawezaje kuandika habari za kampuni ambayo una hisa nayo, au ambayo inashindana na ile uliyoweka pesa, na mwisho wake akaondoka kwenye kitu alichokianzisha mwenyewe. Alisema wazi kwamba anawekeza, hakuficha, na bado haikutosha.

Mimi pia nina langu. Miaka ya nyuma kampuni moja ya mikopo ya kwenye simu ilinitumia maelezo mazuri yamepangwa, mkopo ndani ya dakika tano, hakuna dhamana. Sikulipwa hata senti ila nilikuwa na haraka, nikayabandika karibu kama yalivyo. Wiki chache baadaye jirani yangu Area C, dada mmoja mwenye genge, akanigongea ananionyesha simu yake, wametumia meseji kwa watu wote kwenye fonibuku yake mpaka mchungaji, kwamba fulani ni mdaiwa sugu, deni lenyewe elfu arobaini limeshakuwa zaidi ya laki. Akaniambia kaka mimi nilikopa kwa sababu uliandika wewe. Nilikosa cha kujibu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya aplikesheni 69 za mikopo zisizo na leseni, nikaisoma orodha nzima mstari kwa mstari nikiwa nimekaa kitandani. Tangu lile la jirani siandiki kitu ambacho sijakiingia mwenyewe, nikasoma masharti yote, nikaangalia kinaomba ruhusa ya kuona nini kwenye simu.

Kwahiyo ninyi wa Ipagala tafuteni mwandishi ambaye atataka kuja shambani na atawauliza maswali magumu, nani anaweka bei humo, mkulima asiye na simu janja anafanyaje, taarifa zake mnazihifadhi wapi. Msiogope hayo maswali. Na mimi nakuja, tupangeni tu siku, nataka kuona mkulima akiitumia bila ninyi kumwelekeza.

Mwalimu hapa Singida. Ninafuatilia safu yako. Kwa nini mnang'ang'ania kuandika teknolojia kwa Kiswahili wakati maneno yake yote ni ya Kiingereza? Vijana si wajifunze tu Kiingereza wasome TechCrunch yenyewe?

Mwalimu heshima yako. Wajifunze, na waisome, mimi naisoma mpaka leo. Julai 2024 NALA, kampuni ya kutuma pesa iliyoanzishwa na Mtanzania mwenzetu Benjamin Fernandes, walipotangaza kupata dola milioni 40 niliisoma kwa Kiingereza na niliifurahia sana. Ila baba yangu aliyenisomesha kwa kuuza ng'ombe ataisomaje? Anayetuma pesa ni yeye, anayekatwa makato ni yeye, anayepigiwa na matapeli ni yeye.

Na kuhusu maneno, wewe mwenyewe ni shahidi. Mwaka 2022 sensa ilifanyika kwa vishikwambi, zile tableti, baadaye vikagawiwa kwa walimu. Kabla ya hapo ukisema kishikwambi mtu anadhani unatania, leo mwalimu gani hajui kishikwambi ni nini? Hakuna aliyewafundisha kwa kamusi, kitu kilifika mkononi na jina lake likafika nacho. King'amuzi hivyohivyo, kuanzia mwisho wa 2012 mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa, bibi yangu ambaye hajawahi kuingia darasani akawa analisema kuliko mimi. Pale ambapo neno halipo mimi naandika kama watu wanavyolitamka, seva, aplikesheni, startapu, alafu naeleza kwa mstari mmoja linafanya nini. Lipo tatizo la kweli, nakubali, wapo wanaoandika Kiswahili kigumu kuliko Kiingereza chenyewe, unasoma aya nzima hujui kama inahusu simu au mtambo wa kusaga. Hao tuwarekebishe, tusiifunge lugha.

Umeniandikia pia, sehemu ambayo sikuiweka hapo juu, kwamba wanafunzi wako wa kidato cha tatu wametengeneza kengele ya shule inayojipigia yenyewe kwa kutumia simu ya zamani na betri ya pikipiki. Mwalimu, hiyo umeiweka mwishoni kama salamu, mimi nimeisoma mara nne. Naomba picha ya hiyo kengele kwa karibu, nyaya zionekane, na wanafunzi wenyewe waandike kwa mkono wao walivyoiunganisha na mara ya kwanza iligoma kwa nini. Waandike kwa Kiswahili. Ukurasa wa toleo lijalo nimeshauacha wazi.